Jambalaya ya Kinna

Wali wa Cajun ni wali wa watu waliofukuzwa. Mwaka 1755 Waingereza walianza kuwatimua Waakadia, wakulima wenye asili ya Ufaransa, kutoka mashariki ya Kanada ya leo. Baadhi yao waliishia Louisiana, wakajifunza kula mchele na bamia. Bamia huko huitwa gumbo, jina la Kibantu lililovuka bahari na Waafrika waliouzwa utumwani.

Juzi niliipika jambalaya Kinna, binamu yangu akisherehekea kumaliza chuo (mimi changu nilikiacha njiani). Soseji ya nguruwe, hapana. Nilitia nyirinyiri, nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikaanikwa, ikakaangwa, ikahifadhiwa kwenye samli. Hiyo hudumu safarini.

Sisi Waborana pia tuna 1755 yetu. Wakati wa vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, serikali iliwafungia wafugaji vijijini chini ya ulinzi. Mifugo ikaisha, mingine kwa risasi, mingine kwa kukosa malisho. Wazee huuita wakati huo Gaafa Daaba, siku mambo yaliposimama. Maziwa yakakauka, mahindi ya msaada yakaingia sufuriani.

Nyanya aliuliza wali huu ni wa nani. Nikamwambia, wa wakimbizi. Akaongeza samli.