Jakpoti: maana na asili ya neno

Jakpoti ni nomino ya ngeli ya I-ZI iliyotoholewa kutoka neno la Kiingereza jackpot. Maana yake ya msingi ni kitita cha fedha katika mchezo wa kamari ambacho huendelea kukua kila raundi inapopita bila mshindi, hadi apatikane wa kukitwaa. Kiini cha maana hiyo ni kule kukua. Zawadi ya kwanza ya bahati nasibu iliyopangwa tangu mwanzo kuwa shilingi milioni 10, isiyoongezeka wala kupungua, si jakpoti, hata kama matangazo ya redio yataiita hivyo.

Neno lenyewe ni la Wamarekani, nalo lilizuka katika nusu ya pili ya karne ya 19 kwenye mchezo wa karata uitwao poka. Pot ni chungu, na kwa wacheza karata ni fungu la fedha lililowekwa katikati ya meza. Jack ni karata ya jeki, ile yenye picha ya kijana mtumishi, iliyo chini ya malkia. Katika namna hiyo ya poka kila mchezaji aliweka kiasi kidogo mezani kabla karata hazijagawiwa. Hakuna aliyeruhusiwa kufungua dau ila mwenye angalau jeki mbili mkononi, au karata zenye nguvu kuliko hizo. Wote wakikosa, karata zilikusanywa na kuchanganywa upya, kila mmoja akaongeza fedha nyingine, na mgawo ukaanza tena. Fedha za awali hazikuondolewa. Chungu cha jeki, basi, kilinona kwa kukosa kwa wachezaji wenyewe, na ndivyo kinavyonona hadi leo.

Msomaji asimtafute mtu aitwaye Jack aliyewahi kuokota chungu cha dhahabu. Jack ni jina la kumwitia mtu aitwaye John, likazoeleka kumaanisha kijana yeyote wa kawaida au mtumishi, kisha likahamia kwenye karata ambayo zamani iliitwa knave. Waliojiona watu wa tabaka la juu walilidharau jina hilo. Katika riwaya ya Charles Dickens, Great Expectations, iliyotoka 1860–1861, binti mmoja anamkejeli mvulana maskini kwa sababu tu ameiita karata hiyo jack.

Katika karne ya 20 neno lilitoka mezani likaingia kwenye mashine za kamari za kutumbukiza sarafu, na kutoka huko likapata maana ya sitiari: mafanikio makubwa ya ghafla. Wamarekani walikuwa nalo pia katika lugha ya mitaani kwa maana iliyo kinyume kabisa, yaani matatizo, hasa kukamatwa na polisi. Maana hiyo ya pili haikuvuka bahari kuja kwetu.

Katika Afrika Mashariki neno limeenea kupitia ubashiri wa matokeo ya soka. Mchezaji hutakiwa kubashiri mechi kadhaa kwa pamoja, mara nyingi 13 au 17, kila moja ikiwa na matokeo matatu: ushindi wa nyumbani, sare au ushindi wa ugenini. Mechi 13 zinaweza kupangika kwa namna 1,594,323. Mechi 17 kwa namna 129,140,163. Ndiyo maana kitita hupita wiki nyingi bila mwenyewe. Aidha, washindi wakiwa wawili au zaidi, kwa kawaida hugawana. Anayesoma “jakpoti ya milioni 200” anasoma ukubwa wa chungu, si kiasi alichoahidiwa yeye.

Jakpoti isichanganywe na dau, yaani fedha anazoweka mchezaji, wala na mkeka, ambalo ni jina la mitaani la orodha ya mechi alizobashiri. Kitita na donge nono ni maneno mapana zaidi: mshahara wa mchezaji wa mpira waweza kuwa donge nono, lakini hauwezi kuwa jakpoti. Upatu nao ni chungu cha wengi, ila kila mwanachama anajua zamu yake.

Kwa upande wa tahajia, jakpoti ndiyo inayofuata matamshi ya Kiswahili, ingawa magazeti mengi bado huandika jackpot. Husemwa jakpoti imepanda, jakpoti zimepanda. Kitenzi kiendacho nayo ni kushinda au kutwaa. Tafsiri ya neno kwa neno, “kupiga jakpoti”, haina haja pale inapokusudiwa bahati tu isiyohusu kamari. Kiswahili kina ngekewa, kina nyota ya jaha, na aliyepata asichotarajia husemwa kuwa ameokota embe dodo chini ya mwarobaini.