Ukumbusho Ukutani: kutoka Lubumbashi hadi Buyenzi

Katika nyumba tuliyokulia Buyenzi, sebuleni mlikuwa na picha mbili tu. Moja ilikuwa ya Mwanamfalme Louis Rwagasore, aliyeuawa hapa Bujumbura tarehe 13 Oktoba 1961. Ilikatwa kutoka kalenda kuukuu. Ya pili ilikuwa foto ya babu na bibi wamesimama mbele ya pazia la studio, babu amevaa kanzu na koti, bibi ameshika mkoba ambao, kwa maneno ya mama, ulikuwa mali ya mpiga picha. Mama akitutuma kupangusa vumbi hakusema "picha". Alisema, "Pangusa ule ukumbusho."

Neno hilo sikulitilia maanani mpaka nilipokuwa nikisoma shahada ya uzamili Dar es Salaam, nilipokutana na kitabu cha Johannes Fabian, Remembering the Present, kilichochapishwa mwaka 1996. Kinamhusu mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947 katika mji wa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Tshibumba alichorea juu ya vitambaa vya magunia ya unga. Katika miaka ya 1973 na 1974 alimchorea Fabian mfululizo wa picha zipatazo 100, zinazosimulia historia ya Kongo tangu enzi za mababu hadi utawala wa Mobutu, kisha akazieleza moja baada ya nyingine kwa Kiswahili. Alijihesabu kuwa mwanahistoria. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 habari zake zilikatika.

Lakini lililonigusa zaidi ni wateja wa wachoraji kama yeye. Hawakuwa watalii. Walikuwa wafanyakazi wa migodi, makarani na wafanyabiashara wadogo, watu waliotaka kitu cha kutundika sebuleni ili mgeni akikaa apate la kuuliza. Picha za namna hiyo ziliitwa ukumbusho. Wanafunzi wetu wa mofolojia waliangalie neno hili vizuri: kumbuka, kumbusha, u-kumbush-o. Kumbukumbu inaweza kulala kichwani au kwenye faili bila kumsumbua mtu. Ukumbusho umebeba kiambishi cha kusababisha. Unamfanya mtu akumbuke, hata kama hakutaka.

Mfano mzuri ni picha iliyopendwa sana Lubumbashi, iliyojulikana kwa jina la Kifaransa, Colonie belge. Ndani yake kuna ua wa gereza, bendera ya Ubelgiji, wafungwa waliovaa nguo za mistari myeusi na ya manjano, Mzungu anayetazama, na askari Mwafrika anayempiga kiboko mfungwa aliyelazwa chini. Kwa nini mtu atumie pesa zake kununua aibu hiyo na kuitundika mbele ya watoto wake? Fabian anaona kuwa wanunuzi hawakuwa wakitazama zamani peke yake. Katika Zaire ya miaka ya 1970, mambo ambayo hayakuweza kusemwa waziwazi kuhusu wakubwa wa siku zile yaliweza kusemwa kwa kidole kilichoelekezwa kwenye kiboko cha Mbelgiji. Sisi wa Burundi, tuliokaa chini ya Wabelgiji haohao hadi tarehe 1 Julai 1962, hatuhitaji kutafsiriwa picha hiyo.

Narudi Buyenzi. Mapigano yalipofika Buyenzi na Bwiza mwezi Machi 1995, watu wengi walikimbilia Zaire, nasi tukiwamo. Mama aliitoa foto ya babu na bibi kwenye fremu yake akaikunja ndani ya kanga. Rwagasore alibaki ukutani. Tulipofika Uvira tulikuwa wageni kabisa, mpaka siku moja mama mmoja mzee aliyeuza dagaa alipoiona foto ile akasema, "Huyu ni dada yangu, na mkoba ule si wake." Tulikaa kwake miezi saba. Tuliporudi tulikuta misumari miwili tu.

Kwa sababu hiyo, katika somo langu la utungaji huwa nawaomba wanafunzi walete picha moja kutoka nyumbani, wakae na mzee wa familia, kisha waandike masimulizi yake kwa Kiswahili. Kisarufi zoezi hili lina faida: virejeshi hujitokeza vyenyewe ("huyu aliyesimama ndiye aliyemlea baba"), na -ki- ya masharti na ile ya wakati hutofautiana bila ubao. Nakiri kwamba insha nyingi ni za kawaida: harusi, ubatizo, Idi.

Mwaka mmoja mwanafunzi alileta fremu tupu. Nilidhani ni mzaha, nikamkemea mbele ya wenzake, jambo ninalolijutia. Akaeleza kuwa mwaka 1972, mauaji yalipowaandama watu waliosoma, bibi yake alichoma foto ya mumewe aliyekuwa mwalimu, ili askari wakiingia wasiikute. Fremu aliiacha. Bibi alimweleza mjukuu kilichokuwamo: suti ya kijivu, kalamu mbili mfukoni, kiti kilichovunjika mguu ambacho mpiga picha alikificha kwa ua. Mwanafunzi aliandika kurasa nne, na katika kurasa hizo zote hakuna mahali alipotumia wakati uliopita kwa kumtaja babu yake. Kalamu yangu nyekundu niliifunga. Fremu ilirudi kwa bibi siku ileile.