Saratani na uzazi: Uamuzi kabla ya tiba

Matibabu ya saratani huokoa maisha, lakini yanaweza kumwacha mgonjwa bila uwezo wa kupata mtoto. Njia za kuhifadhi uzazi zipo, ila nyingi hazina budi kuamuliwa kabla ya tiba kuanza.

Kwa nini uzazi huathirika?

Baadhi ya dawa za saratani, kama saiklofosfamidi, huharibu mayai ya mwanamke na mbegu za mwanamume. Mionzi inayoelekezwa kwenye nyonga nayo ina madhara hayo. Uzito wake hutegemea kipimo na umri wa mgonjwa.

Njia ni zipi?

Manii huweza kukusanywa na kugandishwa kwa siku moja. Mwanamke huhitaji sindano za homoni kwa takriban wiki mbili ndipo mayai yatolewe. Huhifadhiwa yalivyo, au hurutubishwa kwanza yawe viinitete.

Kwa msichana ambaye hajavunja ungo, au mwanamke asiyeweza kusubiri, hugandishwa kipande cha ovari. Mwaka 2004 mwanamke mmoja nchini Ubelgiji alijifungua baada ya kurudishiwa kipande alichotolewa mwaka 1997, kabla ya kutibiwa saratani ya tezi za limfu. Kwa wenye saratani ya damu, tahadhari ni kubwa: kipande hicho kinaweza kurudi na chembe za ugonjwa.

Mayai au viinitete?

Kesi ya Natallie Evans wa Uingereza ilionyesha uzito wa swali hilo. Mwaka 2001, kabla ya kuondolewa ovari zake zilizokuwa na uvimbe wa awali wa saratani, yeye na mchumba wake walihifadhi viinitete 6. Uchumba ulivunjika mwaka 2002 na mwanamume akaondoa ridhaa yake. Aprili 2007 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua, kwa kura 13 dhidi ya 4, kwamba hawezi kuvitumia.

Mayai yasiyorutubishwa hayahitaji ridhaa ya mwenza. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Sunni, wanazuoni wengi huruhusu viinitete kutumiwa ndani ya ndoa iliyo hai pekee.

Mgonjwa aulize nini?

Je, dawa hizi zitadhuru uzazi kwa kiasi gani? Tiba inaweza kusubiri wiki mbili? Gharama za kila mwaka za kuhifadhi atazilipa nani? Na mgonjwa akifariki, kilichohifadhiwa kifanyweje?

Hakuna njia inayohakikisha mtoto. Lakini swali likiulizwa mapema, mlango hubaki wazi.