Mikoko ya Nansha na ramani ya viumbe duniani

Nansha ni wilaya ya kusini kabisa ya mji wa Guangzhou, China, mahali ambapo Mto Pearl huingia baharini. Mwenyeji wa Lamu au wa Rufiji akifika huko ataona miti anayoidhani ya kwao: mikoko iliyosimama matopeni, maji yakijaa na kupwa chini yake. Dhana hiyo ina ukweli, lakini si wote.

Kanda hupatikanaje?

Wanabaiojiografia, yaani wataalamu wa mtawanyiko wa viumbe duniani, huanza kwa kuorodhesha spishi za kila eneo, kisha hulinganisha orodha hizo. Maeneo yenye spishi nyingi za pamoja huwekwa katika kanda moja. Mpaka huchorwa pale orodha zinapobadilika ghafla.

Mwaka 1858 Mwingereza Philip Sclater aliigawa dunia katika kanda sita kwa kutazama ndege. Mwenzake Alfred Russel Wallace aliufuata mgawanyo huo katika kitabu chake cha mwaka 1876, akiutumia kwa wanyama wengine pia.

Mwaka 2013 watafiti walichunguza spishi zaidi ya 21,000 za ndege, mamalia na amfibia, wakapata kanda 20. Wao hawakuhesabu spishi tu, bali walipima na nasaba: spishi mbili zenye asili moja ya karibu zilihesabiwa kuwa jamaa, hata kama zinaishi mbalimbali.

Nchi kavu na pwani

Katika ramani ya Wallace, Guangzhou na Mombasa haziko pamoja. Kusini mwa China imo katika kanda ya Mashariki. Afrika kusini mwa Sahara imo katika kanda aliyoiita ya Ethiopia.

Lakini ukitazama mikoko, jibu hugeuka. Mikoko ya dunia ina makundi makuu mawili, na Afrika Mashariki na China zimo katika kundi moja, lile la Bahari ya Hindi na Pasifiki ya magharibi. Mchu wa pwani yetu, Avicennia marina kwa jina la kisayansi, huota pia kusini mwa China. Mikoko ya Angola, ingawa tuko nayo bara moja, ni ya kundi la Atlantiki pamoja na ile ya Brazil. Miche ya mikoko husafiri kwa kuelea, na bara la Afrika ni ukuta katikati ya bahari hizo mbili.

Mgeni matopeni

Hata hivyo, mikoko mingi ya Nansha ilipandwa na binadamu. Ulioenea zaidi ni Sonneratia apetala, ndugu wa mlilana wetu, ulioingizwa China kutoka Bangladesh mwaka 1985 na kupendwa kwa kuwa hukua haraka. Anayeorodhesha miti hiyo bila kuuliza ilikotoka atachora mpaka usiopo.

Baadhi ya wataalamu wameonya kwamba mgeni huyo anaweza kuwasonga wazawa kama Kandelia obovata, mti uliotambuliwa kuwa spishi ya peke yake mwaka 2003 tu.

Onyo hilo linawahusu pia wanaopanda mikoko Tana, Rufiji na Zanzibar. Orodha ya wazawa ikivurugika, hakutakuwa na kipimo cha kujua kilichopotea, wala cha kukirejesha.