Kusafisha mgodi uliofungwa: mfano wa Kabwe, Zambia

Malori yanayotoka Dar es Salaam kwenda Lusaka kupitia Tunduma hupita Kabwe, mji ulio kilomita zipatazo 140 kaskazini mwa Lusaka. Mgodi wake wa risasi na zinki, ulioitwa Broken Hill wakati wa ukoloni, ulifanya kazi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1900 hadi ulipofungwa mwaka 1994. Mabaki yake, mamilioni ya tani, yaliachwa yamelundikwa kando ya makazi.

Risasi hii ni madini yale yale ya kwenye betri za gari, na haiozi. Upepo hupeleka vumbi lake Kasanda, Makululu na Chowa. Mtoto anayecheza uani hulila kwa vidole vyake, na mwili wake hufyonza risasi mara nne au tano kuliko wa mtu mzima. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mwaka 2019 Human Rights Watch ilikadiria kuwa zaidi ya watu 76,000 wanaishi kwenye mitaa iliyochafuliwa.

Si kwamba hakuna kilichofanyika. Kwa fedha za Benki ya Dunia, mradi wa kwanza ulitekelezwa kuanzia 2003 hadi 2011, na wa pili wa dola milioni 65.6, uliohusu pia miji ya Copperbelt, uliidhinishwa mwaka 2016. Watoto walipimwa na kutibiwa, na udongo wa baadhi ya nyumba ukashughulikiwa. Lakini lundo lenyewe lilibaki wazi. Ua ukisafishwa leo, vumbi hurudi kiangazi kinachofuata, na mtoto aliyepewa dawa hurudi kwenye udongo ule ule.

Kwa hiyo mpango wowote wa namna hii huanza na chanzo. Kwanza udongo hupimwa, nyumba hadi nyumba, ramani ichorwe. Kisha lundo hufunikwa kwa udongo safi na kuoteshwa majani, au huhamishwa, na mifereji ya maji hudhibitiwa. Nyumba, shule na barabara za vumbi hufuata, pamoja na matibabu. Swali gumu ni nani alipe, maana mwenye mgodi kwa kawaida hayupo tena.

Kabwe ina tatizo jingine: mabaki yana thamani. Mwaka 2025 Human Rights Watch ilieleza kuwa leseni za kuchimba na kuchakata mabaki zilikuwa bado zinatolewa. Kila lundo linalofukuliwa hutimua vumbi upya.

Hapo ndipo msafirishaji anapohusika. Mzigo wa mabaki ya risasi ufunikwe turubai kabla lori halijaondoka. Bodi ioshwe kwa maji, isifagiliwe kavu, na isipakie mahindi wala unga safari ya kurudi. Mabaki yakihesabiwa kuwa taka hatari, Mkataba wa Basel, ambao Zambia, Tanzania na Kongo ni wanachama, unadai kibali cha maandishi kutoka nchi yanakopelekwa na yanakopita, kabla ya safari. Idai nakala kwa mwenye mzigo kabla ya kupakia. Dereva na utingo wabadili nguo kabla ya kuingia nyumbani, kwani vumbi hili husafiri pia kwenye mashati na viatu.