Keki ndogo za wimbi na bluberi: jinsi ya kupunguza sukari bila kuharibu ladha

Katika maeneo ya majani chai ya Kericho na Bomet, ni nadra chai ya maziwa kuandaliwa bila kitafunio. Mafini, yaani keki ndogo zinazookwa katika vikombe vya bati au vya karatasi, ni miongoni mwa vitafunio hivyo. Hata hivyo, nyingi huokwa kwa unga mweupe na sukari tele. Mpishi wa nyumbani anaweza kuziboresha kwa kutumia vyakula vinavyopatikana sokoni.

Tatizo kubwa ni sukari. Kikombe kimoja cha sukari, takriban gramu 200, kikigawanywa katika keki 12, kila keki hubeba gramu 17 hivi. Mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza mtu mzima asizidishe takriban gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na ikiwezekana zisipite 25. Keki moja pamoja na kikombe cha chai yenye vijiko viwili vya sukari hukaribia kiwango hicho cha chini.

Unga wa wimbi, ambao jamii ya Wakipsigis imeutumia tangu jadi kwa uji na kimyet, una kalsiamu na nyuzinyuzi nyingi kuliko unga mweupe wa ngano. Lakini wimbi hauna glutini, ambayo husaidia keki kuumuka bila kubomoka. Kwa sababu hiyo, huchanganywa nusu kwa nusu na unga wa ngano, hasa ule wa ata.

Bluberi huonekana zaidi katika maduka makubwa ya mijini na bei yake ni ghali. Anayezikosa anaweza kutumia mapera yaliyoiva au matundadamu yaliyomenywa na kukatwa vipande vidogo.

Mahitaji (keki 12)

Unga wa wimbi kikombe 1, unga wa ata kikombe 1, beking poda kijiko cha chai 1 na nusu, chumvi kidogo, ndizi mbivu 2 zilizopondwa, mayai 2, maziwa lala nusu kikombe, mafuta ya kupikia robo kikombe, sukari vijiko vikubwa 4, bluberi au matunda mengine kikombe 1.

Namna ya kuoka

Chekecha unga, beking poda na chumvi pamoja. Katika bakuli jingine, piga mayai, kisha utie ndizi, maziwa, mafuta na sukari. Mimina mchanganyiko huo katika unga na ukoroge kwa muda mfupi tu, kwani kukoroga sana huzifanya keki kuwa ngumu. Ongeza matunda, ujaze vikombe hadi theluthi mbili na uoke katika joto la nyuzi 190 kwa dakika 20 hadi 25. Kijiti kikitoka kikavu, keki zimeiva.

Wasio na oveni hutumia sufuria kubwa yenye mchanga mkavu, makaa yakiwekwa chini na mengine machache juu ya kifuniko. Jiko la makaa lisiwashwe katika chumba kilichofungwa, kwani hewa ya kaboni monoksidi huua.

Mji wa Kericho uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Huko maji huchemka kwa nyuzi 93 hivi, na hewa ya beking poda hutanuka zaidi. Keki huweza kuumuka haraka kisha zikadidimia. Ndiyo sababu kipimo cha beking poda hapa ni kidogo kuliko vijiko viwili vinavyotajwa katika mapishi mengi. Rojo likiwa zito, ongeza maziwa vijiko viwili.

Kwa kipimo hiki, kila keki hubeba takriban gramu 4 za sukari ya kuongezwa. Hata hivyo, ndizi na unga pia huongeza sukari mwilini, hivyo wagonjwa wa kisukari wahesabu keki hizi katika mlo wao.

Jambo la mwisho linahusu chai yenyewe. Tanini zilizo katika chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma kutoka kwa nafaka. Ni heri wajawazito, watoto na wenye upungufu wa damu wale keki kwa pera au chungwa bichi, ambalo vitamini C yake husaidia ufyonzaji huo, kisha chai inywewe baada ya takriban saa moja.