Lugha na Uzima wa Mtu: Historia ya Kimaori Shuleni

Suala la lugha ya kufundishia hujadiliwa mara nyingi kana kwamba lahusu mitihani na ajira tu. Historia ya Wamaori wa Nyuzilandi yadhihirisha kwamba lahusu pia uzima wa mtu na jamaa zake.

Sheria ya Shule za Wenyeji ya mwaka 1867 ilikifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia. Kwa miaka mingi watoto waliadhibiwa kwa kusema Kimaori hata uwanjani. Adhabu hiyo si ngeni nchini Kenya, ambako wanafunzi wengi walivishwa kibao shingoni kwa kosa lilo hilo. Madhara yake hayakuishia shuleni. Mzazi aliyepigwa kwa ajili ya lugha yake aliona ni huruma kutomrithisha mwanawe. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Wamaori walipohamia mijini kwa wingi, babu na mjukuu walitenganishwa kwa masafa na kwa maneno pia.

Mwaka 1972 ombi lenye sahihi zaidi ya 30,000 lilipelekwa Bungeni, likidai Kimaori kifundishwe shuleni. Hata hivyo, somo la saa chache kwa juma halikuweza kurudisha kilichopotea nyumbani. Ndipo mwaka 1982, huko Wainuiomata karibu na Wellington, kilipofunguliwa kohanga reo cha kwanza, yaani kiota cha lugha. Humo watoto ambao hawajafikia umri wa shule walilelewa na wazee kwa Kimaori kitupu: walicheza, walikula, waliomba na walibembelezwa kwacho. Wahenga walisema, udongo upate uli maji.

Wakati huohuo daktari wa akili Mason Durie alieleza afya kwa mfano wa nyumba yenye kuta nne: roho, akili, mwili na jamaa. Ukuta mmoja ukibomoka, nyumba nzima huyumba. Kwa kipimo hicho, kiota cha lugha kilikuwa zaidi ya darasa, kwa kuwa kilimrejesha mtoto kwa wazee wake, na kikampa mzee kazi yenye heshima.

Lakini shida ilizuka upesi. Mtoto alipoingia shule ya msingi ya Kiingereza, lugha ilianza kumtoka. Kwa hiyo mwaka 1985 wazazi walianzisha huko Auckland shule ya msingi ya Kimaori, na sheria ikazitambua shule za namna hiyo mwaka 1989. Mwaka 1986 Baraza la Waitangi liliamua kwamba lugha hiyo ni tunu ambayo Serikali iliahidi kuilinda katika mkataba wa 1840. Mwaka uliofuata ikawa lugha rasmi.

Yafaa mfuatano huo uzingatiwe. Kiota kilitangulia, sheria ikafuata. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, yaitaka Serikali kuendeleza lugha za wenyeji. Agizo hilo ni jema, ila kifungu cha sheria hakimbembelezi mtoto. Pasipo bibi wa kumsimulia mjukuu hadithi, na mwalimu asiyemwonea haya mwanafunzi kwa lugha ya kwao, lugha hubaki katika maandishi ilhali nyumba yake imekwisha kuanguka.